Mmea Usiotaka Msaada

Kila neno katika habari hii ni kweli tupu. Naapa kwa meno yangu yote, yale yaliyoota yenyewe na yale niliyonunua. Ukimsikia jirani yangu Thurl Maddox akisema vingine, kumbuka kwamba Thurl ndiye aliyetangaza kanisani kuwa nguruwe wake anaijua Jumapili. Nilimhoji nguruwe mwenyewe, akakana.

Mimi ni Verlin Stacy, mchimba visima mstaafu. Vilima hivi vya Ozark nimevitoboa mpaka vikawa kama chujio. Kuna kisima kimoja nilikichimba kirefu hata ukishusha ndoo Jumatatu inarudi Alhamisi, na maji yamekwisha chemka, unatia majani ya chai tu. Nasema haya ili mjue mkono wangu haujazoea kukaa bure. Nikiona ardhi nataka kuifungua, nikiona kitu kimetulia nataka kukisaidia. Hilo mlishike, maana ndilo lililotufikisha pabaya.

Mke wangu Leota ana sheria moja ya nyumba. Aliiweka wiki ya harusi, alipogundua ameolewa na mtu wa namna gani. Nikikamatwa na uongo naosha vyombo, kisha lile jambo nalisema upya, bila chumvi. Vyombo havinisumbui. Hilo la pili ndilo linalouma.

Sasa twende kwenye habari yenyewe.

Presha ya macho ilianza kumla Leota kutoka pembeni kuja katikati. Ilifika mahali akawa anaitazama dunia kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Daktari wa Springfield alisema atamfanyia upasuaji mwezi wa Aprili, lakini tusijipe matumaini makubwa. Huenda baridi ijayo hilo tundu nalo likazibika.

Leota hakulia. Njiani kurudi nyumbani, tulipokwisha kupita daraja, alisema, "Nataka kuuona mnili wa mama ukichanua. Mara moja tu. Nikishauona huo, basi, mlango ufungwe."

Mnili huo si ule wa kutia nguo rangi. Wazee waliufanyia majaribio, buluu yake ikafifia upesi, wakaubandika jina la mnili wa uongo. Mama yake Leota aliupenda hivyo hivyo. Kila mwaka mwishoni mwa Mei, Jumapili ya kupamba makaburi, sisi sote wa bonde hili tunapokwenda kung'oa magugu kwa marehemu wetu na kula chakula juu ya majani katikati yao, yeye ndiye aliyekuja na buluu mikono tele. Alipofariki, nyumba yake ikauzwa, na mwenye nyumba mpya akapitisha trekta juu ya bustani. Leota aliokoa mbegu chache tu, ndani ya kikopo cha ugoro.

Alizikwaruza kwa msasa, akaziloweka, akazipanda kando ya uzio wetu. Mwaka wa kwanza tulipata majani matatu. Wa pili, kitu kama kisamvu cha mtu bahili. Wa tatu kichaka kizuri, na ua moja tu lililonyauka kabla hatujaliona, likaacha ganda.

"Kwanza unashuka," Leota alinieleza. "Ukishafika chini unakotaka, ndipo unakumbuka kwamba kuna juu. Mwakani utachanua."

Mwakani ndio ulikuwa mwaka huo wa macho.

Asubuhi ya kuondoka kwenda Springfield, ambako Leota angekaa kwa binti yetu Nadine mpaka apone, Nadine alikwisha washa gari. Leota aliniita dirishani.

"Verlin, nisikilize. Mnili wangu usiumwagilie."

"Sawa."

"Usiutie samadi."

"Hata kidogo?"

"Hata harufu yake. Usiupalilie, usiuchimbe, usiuwekee kijiti. Hakuna mdudu wa kuua. Kulungu hawaugusi, wana akili kuliko wewe."

"Sasa mimi nifanye nini, mama?"

"Uuache."

"Nikishauacha?"

"Uendelee kuuacha, mzee."

Nadine alicheka mpaka akaegemea usukani. "Baba leo umepewa kazi usiyoijua!"

Basi nikaushika wajibu wangu. Mnili majira ya baridi hukauka ukawa mweusi, ukakatikia chini, upepo ukauvingirisha kama kofia ya mlevi, na hapo ulipokuwa hakubaki hata alama. Lakini mimi nilipajua. Karibu na lango, hatua chache kutoka kwenye kisanduku cha barua. Kila asubuhi nilikwenda pale na kahawa yangu, nikasimama, nikauacha. Niliuacha vizuri sana. Thurl alipopita nilimwambia, "Unaona? Kazi ya mtu mzima hii."

Huku kwetu Aprili ikifika watu hutoka na visu kuchuma mboga za mwitu. Ukishakula maharage na viazi majira yote ya baridi, mwili unadai kitu kibichi kama mtoto anavyodai ziwa la mama. Asparaga, mboga inayoliwa ikiwa bado chipukizi, huota zenyewe kando ya nyuzio, ndege wakiwa ndio wakulima. Siku hiyo niliufuata uzio wetu kwenda chini, mbali na lango, nikakuta machipukizi manene ya zambarau na kijivu yamesimama kama vidole vya askofu. Nikayakata yote. Sikubakiza hata moja, kwa sababu Thurl alikuwa anakuja kula.

Niliyakaanga kwa mafuta ya nguruwe, nikavunjia mayai juu, na mkate wa mahindi pembeni. Thurl alitafuna, akasimama, akatafuna tena.

"Ndugu Verlin, asparaga yako chungu."

"Chungu ni ulimi wako. Kula, mwanamume."

Alasiri tulikuwa sote nyuma ya ghala, kila mtu na nguzo yake ya kushikilia. Matumbo yetu yalikuwa yakigombana kwa lugha ambazo hata mchungaji hazijui.

"Umenilisha nini wewe?" Thurl aliguna.

"Asparaga!"

"Asparaga haijawahi kunipigisha magoti nje ya kanisa."

Alipopata nguvu alishuka mpaka kwenye uzio. Nilimwona akiinama, akavigusa visiki vya yale machipukizi, akapekuapekua majani makavu. Akaokota ganda moja jeusi la mwaka uliopita, limevimba, ukubwa wa njugu. Akalitikisa sikioni. Likalia kama kayamba.

Hakunitazama usoni. "Ndugu Verlin," alisema polepole, "asparaga haina kayamba."

Nikageuka kutazama lango. Pale karibu na kisanduku cha barua, nilipokuwa nikisimama na kahawa yangu kila asubuhi, palikuwa na udongo mtupu. Nilikuwa nimeuacha udongo.

Mnili wa mke wangu nilikuwa nimeula. Na sehemu nyingine nimeitapika.

Jioni simu ililia. Nadine alisema upasuaji haukuleta walichotarajia. Jicho la kushoto limekwenda. La kulia linashikilia, lakini si kwa muda mrefu. Kisha Leota akachukua simu, sauti yake nyepesi kama ya msichana.

"Umechipua?"

"Umechipua," nikasema. Na huo haukuwa uongo.

"Machipukizi mengi?"

"Mengi, mama."

"Manene?"

"Kama kidole gumba."

"Usiyaguse, Verlin."

"Siyagusi," nikasema, na tumbo langu likanguruma kama shahidi wa upande wa pili.

Tangu hapo sikulala usingizi wa maana. Kila alichonikataza nilikifanya. Nilivimwagilia vile visiki asubuhi na jioni. Nilivitia samadi ya kuku, kisha ya ng'ombe, kisha ya mbuzi wa Thurl, anayeaminika kuwa na samadi kali kuliko wote. Baridi ilipotishia nilivifunika kwa shuka la urithi la Leota mwenyewe, lile la kushonwa vipande vipande. Nilivizungumzia. Nilivibembeleza. Thurl alikuja akavua kofia, akaviombea.

Visiki vikageuka vyeusi, vikalegea.

"Unavizamisha," Thurl alisema. "Huu mmea unapenda kunyimwa."

"Nifanye nini, Thurl?"

"Leota alisemaje?"

"Alisema niuache."

Thurl alikitazama kisiki kilichooza, akanitazama mimi, akavaa kofia yake, akaenda zake.

Kulikuwa na njia moja zaidi. Juu ya kilima, nyuma ya shule iliyofungwa, kuna uwanda wa mawe ya chokaa ambako miti haikubali kuota, lakini mnili wa mwitu umekubali tangu kabla babu zetu hawajafika. Hakuna binadamu aliyewahi kuupa hata kikombe cha maji. Niliwaza, nitahamisha mmoja. Mimi, mtu niliyetoboa vilima hivi mpaka vikawa chujio, nitashindwa na mzizi?

Nilianza kwa sepetu, nikamalizia kwa sururu. Mzizi ulikuwa mnene kama mkono wangu, na ulikuwa unashuka. Nilichimba mpaka magotini, unashuka. Nilichimba mpaka kifuani, unashuka. Kofia yangu ilipotoweka chini ya usawa wa ardhi, nikaukumbatia mzizi kwa mikono miwili nikavuta, na nawaapia, kule chini mtu alikuwa akivuta upande wake.

Ukakatika. Ulitoa sauti ndogo tu, kama ganda la haragwe bichi. Nikaanguka chali ndani ya shimo na mmea kifuani, na kabla sijafika nao nyumbani ulikuwa umelala ndani ya beseni kama nguo iliyosahauliwa kufuliwa.

Nilikaa kizingitini na lile beseni miguuni. Maisha yangu yote watu walinijia wakiwa na kiu, nami nikawapatia maji mahali ambapo mawe yaliapa hakuna. Na huyu mmoja, aliyenipikia, aliyenizalia, aliyenivumilia, ameniomba ua. Tena si kulitengeneza. Ameniomba nisimame kando. Niliweka uso wangu ndani ya kofia yangu, na Mei ikawa inaendelea kuingia bila kunijali.

Leota alikuwa arudi Ijumaa, siku mbili kabla ya Jumapili ya makaburi.

Na hapo ndipo muujiza ulipotokea! Ijumaa hiyo niliamka nikasikia ardhi inapasuka kando ya uzio. Nikatoka na nguo za kulalia. Mnili! Wakati wa kifungua kinywa ulikuwa umefika magotini, nilipomaliza kunyoa ndevu ulikuwa kiunoni, na kufika adhuhuri Thurl alihitaji ngazi ili kunusa maua ya juu. Buluu ilikuwa kali hata kuku walikataa kutoka bandani wakidhani mbingu imeanguka. Gari la Nadine likaingia. Leota akashuka, akaliona lile wingu la buluu kwa jicho lake la kulia, akaniwekea mkono shavuni akasema, "Verlin, umeuacha vizuri." Jumapili tukaenda makaburini mikono imejaa, na watu wote wakasema hata mama yake hakuwahi kuleta mengi kama yale.

Mwisho.

Hapo niliweka kalamu chini, nikaenda jikoni kumsomea Leota. Siku hizi kila ninachoandika yeye ndiye msikilizaji wa kwanza, kwa kuwa hawezi tena kuchungulia begani mwangu. Alikuwa mezani akivunja maharage mabichi kwa kupapasa, bakuli mapajani. Alicheka kwenye habari ya nguruwe. Alicheka mno kwenye kayamba. Nilipofika mwisho, maharage yalikuwa yamenyamaza.

"Soma tena hapo kwenye muujiza."

Nikasoma tena, sauti ikiwa imepungua kidogo.

"Verlin."

"Naam, mama."

"Nguruwe nimemwacha apite. Ndoo ya Alhamisi nimeiacha ipite. Na yule mtu wako wa chini ya shimo naye apite, ingawa Thurl aliliona shimo na anasema lilikukomea magotini. Lakini hapo, hapana."

"Wasomaji wanapenda mwisho wenye..."

"Wasomaji hawakuwepo. Mimi nilikuwepo." Akaelekeza kidole moja kwa moja kwenye sinki, bila kukosea hata inchi. "Vyombo vile pale. Lakini kwanza liseme upya. Liandike, tena kwenye karatasi hiyo hiyo. Nitasikia kalamu ikisimama."

Basi nalipa.

Hakukuwa na muujiza. Alfajiri ya Ijumaa ile nilipanda kule uwandani na ndoo mbili na mkasi. Mnili wa mwitu ulikuwa umechanua wote. Nilikata kila bua lenye ua. Nilitaka tuta la mnili pale uzioni lionekane limejaa, nikawa najiambia bado kidogo, bado kidogo, mpaka nilipoinua macho nikaona kijani tu. Nikarudi nyumbani nikayachomeka mabua ardhini kando ya uzio, nikashindilia udongo kwa buti.

Leota alikuja ameshika mkono wangu. Alikuwa amekonda. Alipiga magoti mbele ya tuta, akasogeza uso karibu sana, akageuza kichwa huku na huku akitafuta mahali pa kuchungulia. Nikasikia pumzi yake ikiingia. Alikuwa ameiona buluu. Akanyoosha mkono, akalivuta bua moja taratibu alete ua karibu na jicho.

Likatoka lote. Likaning'inia mkononi mwake, mwisho wake umekatwa kwa mkasi.

Alilipapasa pale lilipokatwa, kwa kidole gumba. "Mama alikuwa akisema hata farasi wa jembe hawezi kuung'oa," akasema.

Nikamwambia yote. Lango, asparaga, Thurl, samadi, shuka, shimo. Nilidhani atanipiga na fimbo yake mpya ya kupapasia njia. Hakunipiga. Nilipofika kwenye asparaga alitoa sauti moja ambayo mpaka leo sijui kama ilikuwa kicheko. Kisha akasema, "Haya. Nipeleke huko juu, basi. Nikauone ukiwa umesimama kwenye mizizi yake."

Hapo ndipo ilipobidi nimwambie kwamba huko juu hakuna. Kwamba nimekata yote.

 

Leota alikaa chini kando ya uzio, miguu ameinyoosha kama mtoto, akaniamuru nimpe mabua. Nikayachomoa, nikampa moja baada ya jingine. Kila moja alilileta mpaka likagusa kope, akaligeuza polepole juani, akaliweka mapajani, akapokea jingine. Jua la Mei ni kali. Yale ya kwanza yalianza kulegea kabla hajafika ya mwisho, na ya mwisho yalilegea mkononi mwake akiyatazama. Nadine alisimama mlangoni akilia. Mimi niliendelea kupokeza.

Jumapili aliyaweka kaburini kwa mama yake hivyo hivyo yalivyokuwa, yamelala. Watu walitazama, wakatazama pembeni. "Yamechoka kidogo," Leota aliwaambia. "Verlin aliyasaidia."

Theluji ya kwanza ilipoanguka nilimwambia, njoo dirishani uone. Akaja, akasimama, akaweka mkono kwenye kioo. "Iko wapi?" akauliza.

Nimeandika hivyo, na kalamu haikusimama, mkimwuliza atawaambia.

Ila kuna deni jingine ninalolipa kila mwaka, nalo aseme asiseme nitaliandika. Majira yaliyofuata mnili ulichipua tena pale kwenye uzio, na kule juu pia, isipokuwa ule nilioukata mzizi. Sikuufanyia lolote. Mara hii nilikuwa nimepigilia vigingi vinne kuuzunguka na kufunga kamba, si kwa ajili ya kulungu, kwa ajili yangu. Mei ikafika, ukachanua. Nilimfikisha Leota kwenye kamba, akapitisha mkono, akashika bua.

"Rangi gani?"

"Mama, ni buluu kama vile mbingu imeshuka kuja kunywa..."

Akainua kidole kimoja.

"Ni buluu," nikasema. "Inaelekea zambarau. Chini ya bua maua yamefunguka yote, juu bado ni vitumba vya kijivu. Kila ua lina sehemu ya ndani iliyopauka, karibu nyeupe. Hilo ulilolishika limetobolewa na mdudu."

"Mdudu wa namna gani?"

"Mdogo. Kahawia. Ana pua ndefu."

"Endelea," akasema, na akahamishia mkono kwenye bua la pili.

Nikaendelea, bua kwa bua, mpaka koo likakauka. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile, na visima nimechimba. Mei hii nimeifanya tena.

Sasa mniwie radhi. Leota ameshamaliza maharage, ananisikilizia. Sinki limejaa, na Thurl alikula hapa jana na leo.